Kipimo chako kiko juu, mbona mimi ndiye niliyelazwa?

Swali hilo huibuka kwenye kundi letu la WhatsApp la wagonjwa wa miastenia, ugonjwa wa kinga unaodhoofisha misuli, kila anapojiunga mtu mpya mwenye majibu mkononi. Anapiga picha karatasi ya maabara, anaituma, na hapohapo wenzake wanaanza kulinganisha tarakimu. Kaka mmoja wa Arusha ana kingamwili, zile protini za kinga ambazo kwetu zinaushambulia mwili wenyewe, nyingi kuliko zangu mara kadhaa, lakini anashinda dukani kwake kutwa nzima na shida yake ni kope la kushoto tu. Tarakimu yangu ni ndogo, na mimi ndiye niliyelala wodini nikilishwa kwa mpira wa puani kwa sababu koo lilikataa kumeza hata uji. Halafu yuko dada wa Mwanza ambaye kipimo chake kilisoma hasi kabisa. Akaambiwa ni msongo wa mawazo, akapewa dawa za usingizi, mpaka sampuli yake ilipopelekwa nje ya nchi na kukutwa na kingamwili ya aina nyingine.

Kwa kuwa nafundisha baiolojia sekondari, wenzangu huniachia mimi swali. Nimekuwa nikijibu kwa kurekodi sauti, ila ikifika jioni sauti yangu inaingia puani na hakuna anayenielewa, basi leo naandika. Jibu langu ni hili: kingamwili huonyesha mahali pa kushambulia, lakini kwa wengi wetu kinachobomoa hasa ni kundi jingine la protini liitwalo komplementi, na ile karatasi tunayolinganisha haiipimi komplementi hata kidogo.

Tuanze pale neva inapokutana na msuli. Ukitaka kufumba jicho, kutafuna au kuvuta pumzi, neva humwaga asetilikolini, kemikali ya kupeleka ishara, kwenye mwanya mwembamba sana, nayo inanasa kwenye vipokezi vilivyo upande wa msuli. Upande huo haukunyooka. Umejikunja mikunjo mirefu, na vipokezi vimesongamana kwenye vilele vya mikunjo, takriban 10,000 katika kila mikromita moja ya mraba. Chini, kwenye mabonde, kuna njia za sodiamu zinazoikuza ile ishara mpaka msuli mzima uitike. Mwili umejiwekea akiba kubwa hapa, ndiyo maana mtu hupoteza vipokezi vingi kabla hajaona dalili yoyote, na ndiyo maana wengi wetu asubuhi tuko wazima, na mchana tunashindwa kumaliza kutafuna nyama.

Kati ya watu wenye miastenia iliyoenea mwilini, takriban 85 kwa kila 100 wana kingamwili dhidi ya kipokezi hicho cha asetilikolini. Kingamwili hizo hudhuru kwa njia tatu. Chache huziba kipokezi moja kwa moja. Nyingine, kwa kuwa kila moja ina mikono miwili, hufunga vipokezi viwili pamoja, na seli ya msuli ikiona hivyo huvimeza haraka kuliko inavyotengeneza vipya. Njia ya tatu ndiyo ya komplementi, nayo ndiyo yenye madhara makubwa.

Waliowahi kukaa kando ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, watanielewa upesi. Kingamwili ni yule mtu mwenye kopo la rangi nyekundu anayepita akichora X ukutani kwenye nyumba za kubomolewa. X haivunji nyumba. Kuna nyumba zilikaa na X yake miaka, watu wakipika, wakioza mabinti na kulea wajukuu humohumo. Kinachovunja ni tingatinga, na tingatinga haliji kwa kila X.

Komplementi ni zaidi ya protini 30, nyingi zikitengenezwa na ini, zinazozunguka kwenye damu zikiwa hazina kazi. Ya kwanza kuamka ni C1q, yenye vichwa sita. Kichwa kimoja kikishika kingamwili moja ya aina iitwayo IgG hakitokei kitu, mshiko wenyewe ni dhaifu. Zinahitajika IgG kadhaa zilizokaa karibukaribu. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba hali bora kwake ni IgG sita zilizojipanga mduara. Sasa rudi kwenye vile vipokezi 10,000 vilivyobanana kwenye eneo lisiloonekana kwa macho: ni vigumu kubuni mahali panapomfaa C1q kuliko hapo.

Baada ya hapo kila protini hukata inayofuata. C1, ambayo C1q ni sehemu yake, inakata C4 na C2, vipande vyake vinaungana kukata C3, protini iliyo nyingi kuliko zote katika mfumo huu, kama gramu moja katika kila lita ya majimaji ya damu. Kipande kimoja cha C3 hujibandika juu ya seli, na kila kilichojibandika huweza kuanzisha ukataji mwingine, kwa hiyo jambo lililoanza kwa kingamwili chache linakuwa kubwa ndani ya dakika. Kisha inakatwa C5. Nusu yake, C5a, inakwenda kuita seli nyeupe. Nusu nyingine inakusanya C6, C7, C8, na hatimaye C9 nyingi, zinafika 18, zikajipanga duara na kutoboa utando wa seli. Tobo lina upana wa nanomita 10 hivi. Bakteria akitobolewa namna hiyo anakufa.

Seli ya msuli haifi, ni kubwa mno. Inachofanya ni kumwaga kile kipande cha utando kilichotobolewa, na hapo ndipo msiba wetu ulipo, kwa sababu kipande hicho kinaondoka na vilele, vipokezi, na zile njia za sodiamu za mabondeni. Mwaka 1977 Andrew Engel na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliangalia misuli ya wagonjwa kwa darubini ya elektroni, wakakuta IgG na C3 zimelala pale pale kwenye utando, na mabaki ya utando yakielea kwenye mwanya. Mikunjo ilikuwa imesawazishwa. Kwa mgonjwa maana yake ni kwamba hata kingamwili zikipungua leo, nguvu hairudi kesho. Mikunjo lazima ijengwe upya.

Unaweza kusema: kukuta C3 mahali pa tukio hakuthibitishi kwamba yeye ndiye mhalifu. Ni kweli, na jaribio lililonishawishi mimi ni la mwaka uliofuata. Vanda Lennon na wenzake walichukua panya wa maabara, wakawamaliza komplementi yote kwa protini inayotoka kwenye sumu ya fira, kisha wakawadunga kingamwili za miastenia. Fira ana protini inayofanana na C3, ikiingia kwenye damu inaichochea komplementi mfululizo mpaka inajiishia yenyewe. Panya wale walikuwa na kingamwili zilizokwisha kushika zaidi ya nusu ya vipokezi vyao. Hawakudhoofika.

Wazo lenyewe ni la zamani. Jules Bordet, Mbelgiji aliyekuwa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aligundua mwaka 1895 kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyekwisha kupata kinga huua bakteria, ila ukiyapasha joto la nyuzi 56 hivi yanapoteza uwezo huo. Ukiongeza majimaji mabichi ya mnyama mwingine, hata asiye na kinga yoyote, uwezo unarudi. Kwa hiyo kulikuwa na vitu viwili, kimoja kinavumilia joto, kingine hakivumilii. Alipewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1919. Mtaalamu wa maabara anayepasha sampuli nyuzi 56 kwa nusu saa kabla ya kipimo cha VDRL cha kaswende anafanya jambo lilelile: anaizima komplementi isivuruge majibu.

Sasa turudi kwenye tarakimu. Kipimo chetu cha kawaida huchukua vipokezi vilivyotolewa kwenye msuli na kuyeyushwa, vikiwa vimetiwa alama kwa sumu ya nyoka mwingine, halafu kinahesabu kingamwili ngapi zimeshika. Kwenye kichupa vipokezi vimetawanyika. Hakiulizi kama kingamwili zako ni zile aina ndogo za IgG ziitwazo IgG1 na IgG3, ambazo humwita C1q vizuri, wala hakiulizi kama zikikaa juu ya msuli wako zinakaribiana vya kutosha. Tena seli zetu zenyewe zina protini za kujikinga, kama CD55 na CD59, zinazokatiza komplementi kabla haijatoboa, na hazilingani mahali hadi mahali. Kwenye panya misuli ya macho imeonekana kuwa na akiba ndogo ya kinga hiyo, na mimi nadhani hiyo ni sehemu ya sababu inayofanya wengi wetu tuanzie kwenye kope. Kulinganisha tarakimu za watu wawili, kwa hiyo, ni kupoteza bando.

Dada wa Mwanza ana kingamwili dhidi ya protini nyingine, MuSK, ambayo kazi yake ni kuhakikisha vipokezi vinakusanyika mahali pamoja. Watafiti wa Oxford waliieleza mwaka 2001. Kingamwili hizi kwa sehemu kubwa ni IgG4, na IgG4 haimwiti C1q. X imechorwa na tingatinga halipo njiani. Madhara yake yanatoka kwenye kuzuia tu: MuSK inashindwa kufanya kazi, vipokezi vinatawanyika. Kwa macho, sisi wawili tunaugua ugonjwa mmoja. Kope zetu zinaanguka, sote tunapaliwa na chai. Lakini dawa ya piridostigmini inayoniinua mimi humsumbua yeye, kuondolewa tezi ya thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani, ambako kunaweza kunisaidia mimi hakumsaidii, na rituksimabu, dawa ya kupunguza seli za kinga, ambayo kwa watu wa aina yangu matokeo yake yanayumba, kwa watu wa MuSK mara nyingi hufanya vizuri sana.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, hata hivyo, uko nje ya miastenia. Kuna ugonjwa uitwao neuromyelitis optica, unaoshambulia mshipa wa neva wa jicho na uti wa mgongo, ambao watu weusi na Waasia huupata kuliko wazungu, na wanawake kuliko wanaume kwa mbali. Mtu analala akiona, anaamka haoni jicho moja, au miguu imekufa ganzi. Mwaka 2004 Vanda Lennon, huyohuyo wa panya na sumu ya fira, alitangaza na wenzake kingamwili ya ugonjwa huo, na mwaka uliofuata ikajulikana inashika akwaporini-4, mlango wa maji kwenye seli zinazotunza neva za ubongo. Milango hiyo nayo hujipanga kwa safu zilizobanana. Basi mwaka 2019 yalichapishwa majaribio ya ekulizumabu, dawa inayoshika C5 isikatwe. Wagonjwa walikuwa 143. Waliopata dawa walikuwa 96, na watatu kati yao ugonjwa uliwarudia. Waliopata dawa bandia walikuwa 47, ukawarudia 20. Dawa hiyo haigusi kingamwili. Kingamwili zilibaki kwenye damu zikiendelea kushika shabaha yake, ila wengi hawakupata shambulio.

Mpaka hapa komplementi inaonekana adui mtupu, na wapo wenzetu kwenye kundi wanaouliza kama kuna chakula cha kuishusha. Tafadhalini, hapana. Soma habari za lupasi kwanza.

Kwenye lupasi mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya vitu vya ndani ya kiini cha seli. Zikishikana na shabaha zake zinafanya mafungu, mafungu yanakwama kwenye vichujio vya figo, komplementi inaamka, figo inaharibika. Ndiyo maana daktari wa lupasi anaagiza C3 na C4: zikishuka huku mkojo una protini, maana yake zinatumika kwa wingi mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni figo. Kwa hesabu hiyo mtu aliyezaliwa bila C1q angekuwa salama na lupasi. Mambo ni kinyume. Watu hao ni wachache sana duniani, lakini zaidi ya 90 kwa kila 100 wanapata lupasi au ugonjwa unaofanana nayo. Hakuna kasoro ya kijeni inayojulikana yenye uhusiano wa nguvu hivyo na lupasi.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilidhani mwandishi kakosea. Hakukosea. Kila siku seli zetu zinakufa kwa mabilioni, na C1q ni miongoni mwa wanaozipaka alama ili zimezwe mapema, kabla hazijapasuka na kumwaga kiini chake mbele ya mfumo wa kinga. Marina Botto, Mark Walport na wenzao mjini London walionyesha mwaka 1998 kwamba panya wasio na C1q walipata kingamwili dhidi ya vitu vya kiini, figo za baadhi yao zikaharibika, na ndani ya figo hizo walikuta seli zilizokufa zimerundikana. C3 nayo husafisha. Yale mafungu ya kingamwili yakishapakwa C3, seli nyekundu za damu huyashika kwa kipokezi kiitwacho CR1 na kuyapeleka kwenye ini na bandama yakamalizwe. Hicho CR1 kina habari yake kwetu, kwa sababu vimelea vya malaria navyo hukitumia. Watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka 2018 kwamba aina moja ya CR1, Sl2, iliyo ya kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika, inaendana na hatari ndogo ya malaria ya ubongo kwa watoto. Mfumo unaosomwa London kwa ajili ya lupasi, Kilifi unasomwa kwa ajili ya malaria.

Kwa hiyo wanaotengeneza dawa walichagua C5 kwa akili. Ukikata hapo, C1 mpaka C3 zinaendelea na usafi wake, unachokosa ni C5a na lile tobo. Tunajua watu wanaweza kuishi bila tobo: Japani, takriban mtu mmoja katika kila 1,000 amezaliwa bila C9, na wengi wao hawajui. Ila wasio na protini hizi za mwisho wana udhaifu mmoja mahususi, nao ni bakteria wa jamii ya Neisseria, hasa meningokoki wanaoleta homa ya uti wa mgongo. Anayetumia dawa ya kuzuia C5 ana hatari ya ugonjwa huo mara 1,000 hadi 2,000 kuliko mtu wa kawaida, na chanjo inapunguza hatari hiyo bila kuimaliza. Inatakiwa achanjwe angalau wiki mbili kabla ya kuanza, kwa chanjo ya makundi A, C, W na Y pamoja na ile ya kundi B.

Ekulizumabu iliidhinishwa Marekani kwa miastenia mwaka 2017, kwa wenye kingamwili za kipokezi cha asetilikolini tu. Wanaoisifu husahau kusema kwamba majaribio yake, yenye wagonjwa 125, hayakuvuka kipimo chake kikuu cha takwimu, yalikosa kidogo. Vipimo vingine vingi ndani ya majaribio hayohayo vilionyesha faida, na mimi naamini faida ipo, lakini haikuwa ya kishindo kama ile ya akwaporini-4. Sishangai. Kwetu komplementi ni njia moja kati ya tatu, na mikunjo iliyokwisha kusawazishwa hairudi kwa kuzuia C5 peke yake. Bei yake Marekani ilizidi dola 400,000 kwa mwaka, yaani kama shilingi bilioni moja za Tanzania. Mwaka 2024 nakala zake za bei nafuu ziliidhinishwa huko. Nafuu ya bilioni bado ni pesa nyingi.

Mimi natumia piridostigmini, prednisoloni na azathioprini, na zinatosha kunisimamisha darasani hadi kipindi cha nne. Hizi mbili za mwisho zinafanya kazi juu kabisa ya mnyororo, zinapunguza watengenezaji wa kingamwili, polepole, kwa miezi. Nilipolazwa nilibadilishiwa majimaji ya damu kwa mashine, na hiyo inaondoa kingamwili ndani ya siku chache. Kuna dawa mpya, tangu mwaka 2021, zinazofanya mwili uzivunje IgG upesi, na nikiambiwa nichague ningezitamani hizo kuliko za C5, maana zinagusa njia zote tatu kwa pamoja. Na kwa kuwa nimeshika kalamu: mwenye miastenia asimeze kwinini, asinunue sipro duka la dawa kwa mafua, na akilazwa aseme mapema kabla hajachomwa jentamaisini au magnesi. Hizo zinaweza kumnyima pumzi usiku huohuo, na komplementi haihusiki kabisa.

Kaka wa Arusha ameniuliza, siku dawa za C5 zikishuka bei na kufika, wizara inunue nini kwanza. Nimemwambia inunue kipimo, kifanyike hapahapa nchini: cha kipokezi na cha MuSK, vyote viwili, kwa kila mgonjwa. Halafu chanjo ya kundi B. Mtu wa MuSK akipewa dawa ya C5 kwa kubahatisha, anachopata ni ile hatari ya uti wa mgongo tu.